Mtihani Usioanza na "Tega"

Mpwa wangu alikuwa na miaka mitano na nusu dada yangu alipompeleka kwenye intavyuu ya shule moja ya mchepuo wa Kiingereza hapa Dar es Salaam. Nami niliandamana nao, kwa kuwa siku hiyo ndiye mjomba pekee aliyekuwa hana kazi. Mtoto akaingizwa ofisini, mlango ukaachwa nusu wazi, sisi tukakaa kwenye benchi nje tukijifanya hatusikilizi. Mwalimu, mama mpole tu, akainua kadi akauliza kwa Kiswahili, asije akasingiziwa lugha: "Hii rangi gani, baba?" Kimya. Akainua nyingine. Kimya. Akapanga vifuniko vya soda mezani: viko vingapi? Mtoto akavitazama vifuniko, akamtazama mwalimu, akaishia kutazama viatu vyake. Hazikupita dakika kumi tukapewa karatasi. Kwenye kisanduku cha uwezo wa akili kulikuwa na mbili juu ya kumi, kwa kalamu nyekundu.

Kwenye daladala, mtoto huyohuyo alitutajia rangi ya kila gari lililotupita kuanzia Buguruni hadi Gongo la Mboto. Alihesabu abiria waliosimama, akamuuliza konda kwa nini anasema nafasi ipo na haipo. Mama yake uvumilivu ukamwishia. "Sasa wewe, mbona mwalimu hukumjibu?"

Akajibu bila hata kutoa macho dirishani: "Si alikuwa anaiona mwenyewe."

Tangu siku ile nimesoma tafiti nyingi za vipimo vya akili, kwa udadisi na kwa hasira kidogo ya kimjomba, na sijakuta mtaalamu aliyelisema jambo hili kwa ufupi kumshinda yule mtoto. Mtu mzima anauliza kitu anachokiona. Anayeulizwa lazima kwanza aamue kama mchezo huu una maana, kama aliyeuliza anastahili kujibiwa, na kama kujibu kutamletea heri au aibu. Uamuzi huo hutangulia akili kufanya kazi, na karatasi nyekundu haina kisanduku chake.

Mfaransa Alfred Binet alilijua hilo. Serikali yao iliunda tume mwaka 1904 kutafuta njia ya kuwatambua watoto wa shule waliohitaji msaada wa pekee, na mwaka uliofuata Binet na mwenzake Théodore Simon wakatoa kipimo cha kwanza cha aina hii. Katika maelekezo yao walitaka chumba kiwe kimya, mtoto apokewe kwa ukarimu, na akionekana mwoga atulizwe kabla ya lolote kwa kuanza na kitu kitakachomvutia. Kilikuwa kipimo cha ana kwa ana, cha mtu anayemwangalia mtoto usoni. Na Binet hakuamini kwamba alama ni hatima. Mwaka 1909 aliwajia juu waliokuwa wakidai kuwa akili ya mtu ni kiasi kisichoongezeka.

Kipimo kilipovuka bahari kwenda Marekani kikabadilika tabia. Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alikitengeneza upya mwaka 1916. Mwaka mmoja baadaye nchi yao iliingia vitani, na Robert Yerkes na wenzake wakabuni vipimo vya kuwapima wanajeshi wapya kwa makundi. Watu wapatao milioni 1.7 walipimwa. Kwa wasiojua kusoma kilikuwapo kipimo cha picha, kilichoelekezwa kwa ishara na sauti za amri, na miongoni mwao walikuwamo waliokuwa wakishika penseli kwa mara ya kwanza maishani. Hapo hakuna aliyetulizwa. Alama zile zilitumika miaka iliyofuata kubishania akili za wahamiaji na za Wamarekani weusi kana kwamba zimesomwa kwenye mizani ya duka la dawa. Yerkes huyohuyo ndiye aliyeonyesha mwaka 1908, yeye na John Dodson, kwa kutumia panya, kwamba kazi ikiwa ngumu, msukumo ukipita kiasi huharibu kujifunza. Panya walipata wa kuwafikiria.

Tuje kwenye pipi, maana hapo ndipo ushahidi unapoanza kuwa mtamu.

Mwaka 1972 mtafiti Calvin Edlund aliwapima watoto wa miaka mitano hadi saba huko Marekani, akawagawa makundi mawili yanayolingana kwa alama. Wiki kadhaa baadaye aliwapima tena kwa toleo jingine la kipimo kilekile. Kundi moja lilipimwa kama kawaida. La pili, kila mtoto aliyejibu sawa alipewa kipande cha chokoleti papo hapo. Hawa wa chokoleti wakapanda kwa alama 12 hivi za IQ, yaani alama za vipimo vya akili. Kwa asiyezoea namba hizi: wastani umewekwa kuwa 100, theluthi mbili ya watu huwa kati ya 85 na 115, na chini ya 70 ndipo wataalamu huanza kuzungumzia ulemavu wa akili. Alama 12 zinaweza kumtoa mtoto upande mmoja wa mstari huo na kumweka upande mwingine.

Chokoleti haina msamiati ndani yake. Haimfundishi mtoto kupanga picha wala kutambua neno lililopungua. Kwa hiyo zile alama 12 zilikuwamo kichwani tangu siku ya kwanza, ila zilikuwa zimekaa ndani.

Miaka minne baadaye Clingman na Fowler walirudia jambo hilo, ila wao walitofautisha watoto kwa alama walizoanza nazo. Matokeo yao ndiyo ninayoyaona ya maana kuliko yote katika mjadala huu. Watoto wa alama za kati hawakusogea. Wa juu hawakusogea. Waliopanda ni wa chini, tena kwa kiasi kilekile cha alama 12 hivi. Pipi haikuwa na kazi kwa watoto waliokuwa tayari wamekubali kucheza. Ilifanya kazi kwa wale ambao mara ya kwanza walikuwa wakitazama viatu vyao.

Edward Zigler, mmoja wa waliouanzisha mpango wa Marekani wa kuwaandaa watoto maskini kwa shule mwaka 1965, hakutumia hata pipi. Yeye na wenzake waliwapima watoto wa familia maskini, wakawapima tena baada ya siku chache. Walipanda kwa alama 10 hivi, ilhali wa familia zenye uwezo walipanda kwa 3 hivi. Katikati ya vipimo viwili hakuna aliyefundishwa kitu. Kilichobadilika ni kwamba chumba hakikuwa kigeni tena, wala mpimaji hakuwa mgeni tena. Maelezo ya Zigler yalikuwa rahisi: mtoto maskini huingia kwenye chumba kile akiwa na hadhari juu ya mtu mzima asiyemjua, na hadhari hiyo hula nguvu ambayo ingetumika kujibu.

Ningekomea hapa, makala ingekuwa nzuri na ya uongo kidogo. Kuna upande wa pili, na haki ni kuueleza.

Mwaka 2011 Angela Duckworth na wenzake walikusanya tafiti za aina hii, makundi 46 yenye watu 2,008 kwa jumla, wakakuta kwamba zawadi huinua alama kwa wastani wa 10 hivi, na zaidi kwa walioanzia chini. Habari ikatapakaa magazetini. Baadaye wakosoaji wakafungua mafaili na kukuta miongoni mwa tafiti zilizojumlishwa kuna ya Stephen Breuning, mtu aliyepatikana na hatia mahakamani mwaka 1988 kwa udanganyifu wa kitafiti. Kuna mkono wa mwizi katika hesabu ile, na matokeo ya huyo mwizi yalikuwa makubwa kupita kawaida. Mwaka 2022 Timothy Bates na Gilles Gignac wakaja na majaribio yao wenyewe, watu 4,208 katika tafiti sita. Waliojituma zaidi walipata zaidi, hilo lilionekana. Lakini walipowagawa watu kwa kura na kuwaahidi baadhi yao fedha, fedha iliinua alama kwa takribani 2.5 tu. Tena walionya kwamba huenda mtu husema "nimejituma" kwa sababu ameona anajibu vizuri. Yaani akili ndiyo iliyoleta bidii, wala si kinyume chake.

Nilipousoma utafiti huo nilikaa kimya kidogo. Kisha nikaangalia tena nani walipimwa: watu wazima wenye afya, waliojitolea. Mtu mzima aliyejiandikisha mwenyewe kufanya kipimo cha akili amekwisha kukubali kabla hujamwonyesha noti. Anataka kujua yeye ni nani. Ukimwongezea dola chache unamwagia maji mtu aliyekwisha kuoga. Mtoto aliyevutwa mkono kutoka darasani kwake hakujiandikisha popote. Kwa hiyo sioni kwamba pande hizi mbili zinapingana sana kama zinavyosomwa. Zinapima watu waliosimama sehemu tofauti za mlango. Ila nakubali kwamba ile namba 10, kwa mtu mzima wa kawaida, ni ya kutupwa.

Uthibitisho mzuri wa tofauti hiyo ya mlango unatoka kwa wachumi. Mwaka 2019 Uri Gneezy na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa wanafunzi wa sekondari wa Marekani na wa Shanghai. Mtihani wa hisabati, maswali 25. Kabla tu ya kuanza, baadhi ya wanafunzi wa Marekani walipewa dola 25 mkononi na kuambiwa kila jibu la kosa litawapunguzia dola moja. Hawakupata muda wa kusoma chochote, na hata hivyo alama zao zikapanda. Wanafunzi wa Shanghai nao waliwekewa fedha za kwao, lakini hawakubadilika hata kidogo, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kujituma bure. Watafiti wakakadiria kwamba kama Wamarekani wangefanya mtihani wa kimataifa wa PISA wa mwaka 2012 kwa bidii ile, nchi yao ingepanda katika hisabati kutoka nafasi ya 36 hadi ya 19. Fikiria ni hotuba ngapi za wanasiasa zimeandikwa juu ya ubongo wa mtoto wa Kimarekani kutokana na jedwali lile.

Hapa kwetu kuna mfano wa karibu. Katika mradi wa KiuFunza wa shirika la Twaweza, uliofanyika katika shule za msingi 350 Tanzania bara, walimu wa baadhi ya shule walilipwa kwa kila mtoto aliyefaulu Kiswahili, Kiingereza na hisabati za madarasa ya mwanzo. Watafiti walikuwa na mitihani ya aina mbili: wa mradi, ambao ulikuwa na fedha ya mwalimu ndani yake, na wa kwao, ambao haukuwa na faida kwa mtu yeyote pale shuleni. Manufaa ya kuwalipa walimu yalionekana makubwa zaidi kwenye mtihani wenye fedha, na mojawapo ya maelezo ni bidii ya watoto chumbani. Mwalimu mwenye dau huwaambia watoto wake wakae, watulie, wajaribu. Asiye na dau huwaachia wageni wenye karatasi zao.

Nimezungumzia kutaka. Kujiamini ni jambo jingine, na hapa nitaudhi watu.

Miji yetu imejaa wahamasishaji. Ukumbi, kipaza sauti, kiingilio, na ujumbe mmoja: jiamini, utafaulu. Wazazi wa kidato cha nne huwalipia watoto wao semina hizo mwezi mmoja kabla ya mtihani wa taifa, mwezi ambao mtoto angeutumia kujifunza aljebra. Tafiti hazimpi mhamasishaji nguvu anayoidai. Mwaka 2012 ulichapishwa uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi zilizomtaka mtu akadirie akili yake kisha akapimwa. Uhusiano kati ya makadirio na alama ulikuwa 0.33, pale ambapo 1 ingekuwa ulinganifu kamili. Kwa maneno ya mtaani, watu wanajijua kidogo. Na hata huo uhusiano mdogo hausemi kipi kimezaa kipi. Aliyekwisha kufaulu mara kumi atajiamini mara ya kumi na moja. Hapo kujiamini ni risiti ya alichokwisha kukinunua. Wanasaikolojia wanaomuuliza mtu baada ya kila swali "una uhakika kiasi gani?" hukuta kwamba uhakika hufuatana na usahihi kwa kiasi cha kuridhisha. Hilo linamaanisha tu kwamba anayejua huhisi kwamba anajua.

Ipo hoja nzito zaidi. Mwaka 1995 Claude Steele na Joshua Aronson walionyesha kwamba wanafunzi weusi wa Stanford walifanya vibaya zaidi walipoambiwa kuwa maswali yanapima uwezo wa akili, kuliko walipoambiwa ni zoezi tu la maabara. Hoja ikawa kwamba kivuli cha dharau, ile hofu ya kuthibitisha wanayosemwa watu wa kundi lako, hula nafasi ya kufikiri. Hoja hiyo ilitawala vyuo kwa miaka ishirini. Kisha ikaanza kuchujuka. Mwaka 2018 watafiti wa Uholanzi waliijaribu kwa wasichana na hisabati katika kundi kubwa la wanafunzi wa sekondari 2,064, wakiwa wametangaza mapema watakachokipima, na hawakuona athari. Sidhani kwamba hofu ile haipo. Nadhani ni dhaifu na inategemea mahali kuliko tulivyoambiwa.

Jaribio ninaloliamini zaidi lilifanyika vijijini India. Karla Hoff na Priyanka Pandey waliwapa wavulana 642, nusu wa matabaka ya juu na nusu wa tabaka la chini kabisa, mafumbo ya kutafuta njia kwenye karatasi, kwa malipo ya kila fumbo. Matabaka yalipokuwa hayajatajwa, makundi mawili yalilingana. Kisha katika vikao vingine, kabla ya kuanza, jina la kila mtoto, la baba yake, la kijiji chake na la tabaka lake lilisomwa kwa sauti mbele ya wenzake. Watoto wa tabaka la chini wakashuka vibaya, pengo likafunguka papo hapo.

Mpaka hapo mhamasishaji angesema: unaona, wamekosa kujiamini. Lakini watafiti waliongeza kitu kimoja. Waliweka kura katika malipo, bahati nasibu tupu isiyo na mkono wa mtu. Pengo likatoweka, ingawa tabaka lilikuwa limetajwa. Wavulana walikuwa walewale, na dharau waliyoilelewa nayo ilikuwa ileile. Kilichoondolewa ni binadamu aliyeshika mfuko wa zawadi. Watoto wale hawakuwa wameacha kujiamini. Walikuwa hawamwamini yeye.

Lugha yetu inaliweka jambo hili wazi kuliko makala nyingi za kitaalamu. Kujiamini ni kuamini tu, kulikorudishwa kwa mwenyewe na ile "ji". Tumeishikia bango "ji" hiyo mpaka tumesahau kwamba kitenzi hiki kina mtendwa mwingine. Mtoto anayekaa mbele ya mtahini ana maswali mawili: najiweza? na, huyu atanitendea haki? Tunatumia fedha na semina kumjibu la kwanza. La pili hatuthubutu hata kuliuliza.

Na kwa watoto wa huku, la pili lina mizizi. Watafiti wakiongozwa na Elena Grigorenko na Robert Sternberg walifanya kazi Usenge, kandokando ya Ziwa Victoria upande wa Kenya, wakakuta kwamba Wajaluo wana maneno manne pale ambapo kipimo kina moja. Kuna rieko, ujuzi na maarifa. Luoro, ambayo ni heshima, adabu na kuwajali watu. Paro, fikra na kuanzisha jambo. Na winjo, kuelewa. Kati ya watoto 85 wa kijiji hicho, wenye miaka 12 hadi 15, waliojua zaidi dawa za miti shamba walielekea kupata alama za chini kwenye vipimo vya msamiati. Mtoto mwenye luoro hamkabili mgeni mkubwa macho makavu na kumwaga majibu. Mallory Wober naye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alikuta kwamba Baganda wa kijijini waliihusisha akili na utaratibu na kutokuwa na haraka. Mpe mtu huyo kipimo chenye saa ya kuhesabu sekunde, halafu uandike "mzito".

Mtu ataniambia kwamba watoto wetu hawajazoea kuulizwa na mtu anayejua jibu. Si kweli. Tuna vitendawili. Mtegaji anajua jibu, na kila mtu anajua kwamba anajua. Tazama lakini ulivyopangwa mchezo ule. Mtegaji husema "Kitendawili!" kisha hunyamaza. Hana ruhusa ya kuendelea mpaka wenzake waseme "Tega!" Kwanza unakubali, ndipo unaulizwa. Ukishindwa, unatoa mji, na mtegaji ana haki ya kuukataa mpaka apewe anaoutaka. Unatoa Tanga, unatoa Mombasa, miji ambayo hukuwahi kuimiliki, watu wanacheka, na zamu inageuka: kesho wewe ndiye mtegaji na yeye ndiye wa kutoa mji. Wazee waliobuni mtihani ule hawakuwa na shahada ya saikolojia. Lakini ridhaa imo, dau limo, aibu imepewa pa kwenda, na mtahini leo ni mtahiniwa kesho. Karatasi ya Terman haina hata kimoja kati ya hivyo.

Jaribio la Bagamoyo ndilo lililokaribia. Sternberg na wenzake, wakiwemo Watanzania, walichapisha mwaka 2002 kazi waliyoifanya katika shule za huko na watoto zaidi ya mia nne. Badala ya kupima mara moja na kuondoka, walipima, wakakaa na watoto kwa muda usiofika saa moja kuwaonyesha namna ya kuyaendea maswali ya aina ile, wakapima tena. Kundi la kulinganishia halikuonyeshwa. Walioonyeshwa walipanda wazi, na mpangilio wa nani yuko juu na nani yuko chini ukavurugika: alama za mwanzo zilihusiana kwa udhaifu na za mwisho. Zaidi ya hapo, alama za mwisho ndizo zilizoendana vizuri zaidi na vipimo vingine vya uwezo. Ile ya kwanza, ambayo ndiyo tunayoitumia sisi kila siku, ilikuwa imepima zaidi nani amekwisha kukutana na michezo ya aina hiyo.

Kuna jambo moja linalonisumbua, na sitalificha kwa kuwa linaharibu hoja yangu. Katika sehemu ya pili ya kazi ya Duckworth walitumia video za wavulana 251 wa Pittsburgh wakipimwa. Watazamaji wasiojua alama zao walipewa kazi ya kuhesabu dalili za kutotaka: kukataa swali, kujibu harakaharaka ili yaishe, kujilaza mezani. Miaka zaidi ya kumi baadaye, dalili hizo zilisaidia kueleza nani amepata kazi na nani amepata kesi. Yaani kutotaka hakukuwa vumbi tu juu ya kioo. Kwa baadhi yao kulikuwa tabia, na kuliendelea kuwagharimu. Alama ya IQ hutabiri maisha vizuri kiasi kile, kwa sehemu, kwa sababu imebeba vitu viwili kwenye kapu moja. Anayetaka kutabiri tu anaweza kuridhika na kapu. Anayetaka kumsaidia mtoto inabidi alipekue, maana dawa ya kutojua na dawa ya kutotaka hazifanani, na anayempa mtoto wa pili dawa ya wa kwanza, madaraja ya chini na maswali mepesi mwaka mzima, anamwongezea ugonjwa.

Ndiyo maana nasema alama ya juu na alama ya chini si mashahidi wa uzito mmoja. Hakuna aliyewahi kutegua maswali magumu ya mantiki kwa kutotaka, wala kwa kupigiwa makofi ukumbini. Aliyepata, anajua. Aliyekosa anaweza kuwa hajui, au amechoka, au ana njaa, au hajaelewa mchezo, au amekuangalia usoni akaona huna nia njema naye. Mwalimu anayempandisha mtoto kwa alama ya juu amesimama penye mwamba. Anayemtenga mtoto kwa alama ya chini ya siku moja, iliyochukuliwa na mtu asiyemjua, amesimama penye mchanga. Shule zetu hufanya kinyume: alama ya juu ya mtoto wa Mbagala huitiliwa shaka ya kuibia, ya chini huaminiwa mara moja. Ya chini ndiyo ya kurudiwa, wiki nyingine, na mtu mwingine, baada ya kucheza kidogo. Gharama yake ni nusu saa na labda pipi mbili.

Mpwa wangu alirudi kwenye intavyuu nyingine, shule nyingine, miezi miwili baadaye. Safari hii nilimketisha nikamweleza: "Mwalimu atakuonyesha vitu anavyoviona na kukuuliza. Ni mchezo. Anajifanya hajui, wewe unamwambia." Akafikiri. "Kama kitendawili?" Nikamwambia ndiyo, kama kitendawili. Alipata tisa juu ya kumi, na ile moja aliikosa kwa sababu mwalimu aliposema "Mia moja toa moja?" yeye alisubiri aambiwe kama anaweza kutoa mji. Sasa dada yangu ananilaumu. Kila mtu mzima anayemuuliza swali, hata "umekula?", mtoto anamkazia macho kwanza na kuuliza: "Anko, hili la kweli au la kujifanya hujui?"